Mkulima anayekataa lumbesa akatae na kipuri cha kukadiria

KILA msimu wa mavuno ya mahindi unapofika, karakana za kuchomelea vyuma zilizo kandokando ya barabara za miji midogo hufurika wateja. Mmoja analeta shafti iliyokatika ya mashine ya kupukuchua, mwingine puli iliyopasuka, wa tatu anataka tela la pawatila liongezwe urefu ili libebe magunia mengi zaidi.

Wote wana haraka. Mahindi yako shambani, vibarua wanasubiri, na mwenye mashine anahesabu magunia yanayokwenda kupukuchuliwa kwa jirani. Fundi anakitazama kifaa kilichovunjika, anakigeuza mkononi, anaokota kipande cha chuma chakavu kinachokaribiana nacho na kuanza kazi.

Mara nyingi kazi hiyo inafaulu na mashine inawaka jioni ile ile. Ndiyo maana mafundi wa mtaani wanapendwa, na wanastahili kupendwa.

Tatizo linakuja pale kipuri hicho kinapovunjika tena baada ya wiki mbili, katikati ya msimu, au kinapochomoka na kumjeruhi kibarua. Mkulima anamlaumu fundi, fundi anakilaumu chuma, na wote wawili wanailaumu mashine ya Kichina. Hakuna anayeuliza swali la msingi, nalo ni je, nani alipima?

Mkulima wa Tanzania hahitaji kufundishwa umuhimu wa vipimo. Kwa miaka mingi amelalamikia lumbesa, yale magunia yanayoshindiliwa na kuongezewa kilemba juu, kisha yakanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Anajua wazi kwamba anayeuza bila mizani anampa mnunuzi nafasi ya kujipimia mwenyewe.

Cha kushangaza ni kwamba mkulima huyo huyo akifika karakana anakubali kununua kwa macho. Anaambiwa "hii inaingia bosi wangu, haina shida", analipa, anaondoka. Hiyo nayo ni lumbesa, isipokuwa safari hii iko ndani ya mashine.

Haifai kuhitimisha kwamba dawa ni kuachana na mafundi na kusubiri vipuri vya dukani. Mawazo hayo ni ya watu wasioijua hali ya vijijini.

Baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, pawatila nyingi ziliingizwa nchini, nyingi zikitoka China. Aina zilikuwa tofauti na waagizaji walikuwa tofauti. Mwagizaji akiacha kuleta aina fulani, mwenye mashine anabaki na chuma ambacho vipuri vyake havipatikani dukani.

Zaidi ya hapo, mashine hizo hufanya kazi ambazo hazikukusudiwa. Pawatila ilibuniwa kwa ajili ya majaruba ya mpunga ya Asia, lakini hapa nchini nyingi hutumika pia kuvuta tela lenye mizigo kwenye barabara za mawe na mashimo. Mahali pa kuunganishia tela hupasuka, ekseli hupinda na bolti hukatika. Hakuna duka litakaloleta kipuri kwa ajili ya matumizi ambayo kiwanda hakikuyafikiria. Ni lazima kitengenezwe hapa hapa.

Kwa hiyo kipuri cha fundi si jambo la kuonea aibu. Ndicho kinachozifanya mashine za wakulima wadogo ziendelee kuishi. Hoja ni kwamba kitengenezwe kwa kipimo, kwa sababu macho ya binadamu, hata ya fundi hodari, hudanganyika kirahisi mbele ya chuma.

Chukua mfano wa shafti. Shafti ya mashine ya kupukuchua yenye kipenyo cha milimita 30 imekatika. Beringi inayoingia shafti ya 30, ile ambayo mafundi huiita 206, haikupatikana dukani siku hiyo. Iliyopo ni 205, ambayo ni ya milimita 25. Fundi anakereza shafti mpya ya 25, anafunga beringi ndogo, kazi imekwisha.

Kwa macho tofauti ni milimita tano tu, upana usiozidi wa kalamu. Lakini uwezo wa shafti kuhimili kusokotwa haupungui kwa kiasi hicho. Unafuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe mara tatu. Thelathini kwa thelathini kwa thelathini ni 27,000. Ishirini na tano kwa ishirini na tano kwa ishirini na tano ni 15,625.

Maana yake ni kwamba shafti mpya, hata ikiwa ni ya chuma kile kile, ina asilimia 58 tu ya uwezo wa ile ya zamani. Iliyokuwa na nguvu zaidi ilikatika. Hii itadumu vipi?

Mfano wa pili ni wa puli, na huu ni wa hatari zaidi. Injini ya dizeli inazunguka mara 2,000 kwa dakika na ina puli ya inchi 4. Mashine ya kupukuchua ina puli ya inchi 12. Hesabu yake ni rahisi: 2,000 mara 4, gawanya kwa 12. Ngoma ya mashine itazunguka takriban mara 667 kwa dakika.

Puli ya inchi 12 inapasuka. Fundi anayo ya inchi 6, na mwenye mashine anafurahi kwa kuwa ameambiwa mashine "itachapa kazi". Ni kweli itachapa. Ngoma sasa itazunguka zaidi ya mara 1,330 kwa dakika, yaani mwendo umeongezeka maradufu.

Kile ambacho hakuambiwa ni kwamba nguvu inayozivuta meno na bolti za ngoma zichomoke haiongezeki maradufu. Inaongezeka mara nne. Sehemu zilizochomelewa kuhimili mwendo wa kwanza sasa zinadaiwa mara nne ya walichokubaliana, na jino la chuma likichomoka kwa mwendo huo halichagui wa kumpiga.

Hata kama halitachomoka, mahindi yenyewe yanaumia. Ngoma inayokwenda kasi kupita kiasi huvunja punje. Punje zilizovunjika hushambuliwa kirahisi na wadudu na ukungu, na mnunuzi akiziona anashusha bei. Mkulima anafurahia mwendo wa mashine, kumbe anapoteza kwenye gunia.

Yapo na makosa madogo yanayoonekana ya kawaida. Shafti ikikerezwa nyembamba kidogo kuliko tundu la beringi, fundi huivika kipande cha bati la kopo au huipigapiga kwa senta panchi ili ikaze. Itakaza kwa siku chache, kisha itaanza kucheza, mashine itatetemeka na beringi itakufa. Mkulima atanunua beringi ya pili na ya tatu bila kujua kwamba mgonjwa ni shafti.

Vivyo hivyo kwa nyundo za mashine ya kusaga. Mafundi wengi huzikata kutoka kwenye springi za magari, na chuma hicho ni kigumu na kinafaa kwa kazi hiyo. Lakini nyundo zinazotazamana lazima zilingane uzito, la sivyo mashine nzima itayumba. Mizani ndogo ya duka la rejareja inatosha kuzipima. Aidha, chuma cha springi kikichomelewa kikiwa baridi, bila kupashwa moto kwanza, huweza kupasuka kando ya sehemu iliyochomelewa. Kinafaa kukatwa na kutobolewa zaidi ya kuungwa.

Huko Marekani wapo watu wenye shida inayofanana kabisa na ya wenye mashine hawa, ingawa wao wanaipata kwa kutafuta burudani. Ni wale wanaojitengenezea nyumbani magari ya mashindano ya dragi. Katika mashindano hayo magari mawili huanza yakiwa yamesimama, kisha hushindana kwenye mstari ulionyooka, kijadi kwa umbali wa robo maili, yaani takriban mita 402.

Mtu anachukua bodi ya gari moja, injini ya gari lingine na giaboksi ya gari la tatu. Hakuna kinachoingiliana. Analazimika kutengeneza mikono ya kushikilia injini, kufupisha shafti inayopeleka nguvu nyuma na kupunguza upana wa ekseli ili magurudumu mapana yaenee. Duka halina vitu hivyo, kwa sababu gari lake liko moja tu duniani.

Mtengenezaji mzoefu haanzi na chuma. Anaanza na karatasi ngumu ya boksi. Anakata umbo la kipuri, analijaribu mahali pake, analirekebisha hadi likae, ndipo analihamishia kwenye bati nene. Akishakata, anakishika kipuri kwa vidonda vichache vya kuchomelea, anazungusha kila kitu kwa mkono kuona kama kuna kinachogusana, na mwisho kabisa ndipo anachomelea moja kwa moja. Boksi halina gharama, na kosa likionekana kwenye boksi halijapoteza kitu.

Mchezo huo nao ulianza kwa kukadiria, na watu waliumia. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha NHRA, kilichoweka kanuni na kulikagua gari kabla halijaruhusiwa kushindana. Hakikuwakataza vijana kujitengenezea. Kiliwataka waonyeshe walichotengeneza.

Kutoka karakana hizo za uani zilizaliwa biashara kubwa. Ed Iskenderian, aliyehitaji kemshafti kwa ajili ya gari lake baada ya Vita Kuu ya Pili na kukuta foleni ndefu kwa watengenezaji, alinunua mashine ya kusaga vyuma iliyotumika na kuigeuza ili ajitengenezee mwenyewe. Akaanza kuwauzia wengine. Mwaka 1963 watengenezaji wa aina yake waliunda umoja wao, SEMA, na yeye akawa rais wake wa kwanza.

Hata hivyo, mafanikio hayakuondoa hatari. Machi 1970, Don Garlits, bingwa wa mbio hizo, alipoteza sehemu ya mguu wa kulia baada ya giaboksi kupasuka gari likianza kuondoka, katika uwanja wa Lions jimboni California. Wakati huo dereva aliketi nyuma ya injini, miguu yake ikiwa karibu na klachi na giaboksi.

Garlits hakuridhika na kuchomelea kifuniko kinene zaidi. Alitengeneza gari jipya lenye injini nyuma ya dereva, na mwanzoni mwa 1971 akashinda nalo huko Pomona. Mpangilio huo ndio uliokuja kutawala daraja la juu la mashindano hayo. Mwaka 1978 ikaundwa taasisi ya SFI kusimamia viwango, na leo vipuri kama flaiwili na klachi za magari hayo hubandikwa alama inayoonyesha kiwango vilichofikia.

Mafunzo ya historia hiyo yanawahusu wakulima na mafundi wa hapa moja kwa moja. Kipuri cha uani kiligeuka kuwa bidhaa pale kilipopata kipimo kinachoweza kurudiwa. Mteja wa pili alipata kitu kile kile alichopata wa kwanza, na kikivunjika, mtengenezaji aliweza kurudi kwenye kumbukumbu zake na kujua kwa nini.

Fundi asiyeandika hana cha kurudia. Kila shafti kwake ni ya kwanza. Anaweza kuwa na miaka 20 ya kazi, lakini hana daftari lenye vipimo vya mashine hata tano, ingawa mashine hizo ndizo anazoletewa kila msimu.

Wapo watakaosema kwamba kupima ni gharama na mkulima hana pesa. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa hesabu.

Mathalani, shafti ya kukadiria inauzwa Sh60,000 na iliyopimwa na kukerezwa vizuri ni Sh90,000. Mashine inapukuchua magunia 80 kwa siku kwa Sh2,000 kila gunia, na baada ya mafuta na vibarua mwenye mashine anabaki na Sh80,000. Shafti ya bei nafuu ikikatika mara mbili katika msimu, na kila mara mashine ikasimama siku mbili, mapato yaliyopotea ni Sh320,000. Ukijumlisha bei ya shafti zote tatu, Sh180,000, gharama inafikia Sh500,000.

Hiyo ndiyo bei halisi ya shafti ya Sh60,000. Bado hajahesabiwa mteja aliyehamia kwa jirani na asiyerudi tena, wala nauli ya kwenda mjini kutafuta beringi.

Bei inatakiwa ilinganishwe na idadi ya magunia ambayo kipuri kitapukuchua kabla hakijafa, kama mkulima anavyopima mbegu kwa mavuno na si kwa bei ya pakiti.

Lakini lawama zote zisiangukie upande mmoja. Mteja anayebana bei hadi shilingi ya mwisho na kutaka kipuri ndani ya saa mbili amemwondolea fundi muda wa kupima. Fundi naye hawezi kununua venia na kulipia kazi ya mashine ya kukereza kama kila mteja anamlipa nauli ya kurudi nyumbani tu. Kazi ya kukadiria ni matokeo ya bei ya kukadiria.

Njia ya kutoka hapo ni kuhamisha sehemu kubwa ya kazi hizo kutoka msimu wa mavuno kwenda miezi ya utulivu. Mashine ifunguliwe mara baada ya msimu kwisha, kabla haijafunikwa turubai. Kilichochakaa kipimwe na kuagizwa wakati huo, kwa malipo ya awali. Fundi atapata mtaji wa kununua chuma kizuri na muda wa kukifanyia kazi. Mkulima atapata kipuri kabla ya foleni.

Wenye mashine za aina moja katika kata au katika chama cha ushirika wanaweza kwenda mbali zaidi na kuagiza kwa pamoja. Fundi anayetengeneza shafti tano zinazofanana anapima mara moja na kukereza mara tano, kwa hiyo gharama ya kupima inagawanywa kwa watano. Wafanyabiashara wa vipuri wa miji midogo nao wana nafasi hapa. Shafti iliyopimwa, yenye jina la fundi na vipimo vyake vimeandikwa, inaweza kukaa rafu moja na ya dukani na kuuzwa.

Taasisi za kusaidia kazi hii zipo. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo na ina ofisi mikoani. CAMARTEC ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1981, ina jukumu la zana za kilimo na teknolojia za vijijini. VETA inafundisha uchomeleaji na ukerezaji, na TBS inasimamia viwango.

Kinachohitajika kutoka kwao hakihitaji jengo jipya. Zikusanye vipuri 10 vinavyovunjika zaidi kwenye mashine za kupukuchua, kukoboa na kusaga, na kwenye pawatila. Vichorwe kwa Kiswahili chepesi, vikionyesha vipimo, aina ya chuma na mwendo unaofaa, kisha michoro hiyo ibandikwe kwenye kuta za karakana. Mikopo midogo inayotolewa kwa wajasiriamali ihesabu venia na mashine ya kukereza kuwa vitendea kazi vya kilimo, kwa sababu ndivyo vilivyo.

Jambo la kuepuka ni kuanza na rungu. Ikiwa habari ya viwango itafika karakana kwa sura ya ofisa anayetoza faini na kufunga milango, mafundi watahamia vichochoroni na mkulima atabaki bila pa kwenda. Wamarekani walianza kwa kukagua gari na kumweleza mwenyewe kasoro zake ili akarekebishe. Huo ndio utaratibu wa kuiga.

Wakati taasisi zikijipanga, mkulima hana sababu ya kusubiri. Anayo mambo manne anayoweza kuyadai leo kabla hajatoa pesa.

Kwanza, kipuri cha zamani na kipya vipimwe mbele yake, na kama vinatofautiana aelezwe kwa nini. Pili, vipimo na aina ya chuma viandikwe kwenye daftari la fundi na kwenye risiti. Tatu, mashine izungushwe kwa mkono, kisha iwashwe bila mzigo kwa muda, ili mtetemo, joto la beringi na mpangilio wa puli vionekane mapema. Nne, kinga ya mkanda na puli irudishwe mahali pake kabla mashine haijatoka karakana.

Hilo la nne ndilo linalopuuzwa zaidi. Kinga hutolewa ili fundi afikie bolti, na nyingi huishia kwenye lundo la chuma chakavu. Kibarua anayelisha mashine akiwa amevaa shati la mikono mirefu hana ulinzi mwingine, na mkono wake hauna kipuri karakana yoyote.

Mkulima ameshajifunza kudai mizani pale anapouza, ingawa wanunuzi wengi waliona ni usumbufu. Sasa adai venia pale anapotengenezewa, hata kama fundi ataona ni usumbufu. Fundi atakayekubali kupima apewe kazi na alipwe inavyostahili. Asiyekubali, mteja achukue chuma chake aende karakana ya pili.